Kaa wa Zlatina na Dawa ya Mende

Wapo watu katika jengo letu wanaosema kwamba wale wadudu wa majini ndio waliomtia Zlatina Yordanova wazimu. Waongo. Zlatina alikuwa mkali kabla hajajua kaa ni kitu gani, nami ninayesema hivi nimeishi mlango wa pili kutoka kwake tangu binti yangu anaota meno. Jina langu Ginka, nilikuwa fundi cherehani, sasa nimestaafu, na jiko langu na jiko lake yametenganishwa na ukuta mwembamba kama biskuti. Akikohoa, mimi ndiye ninayesema pole.

Kazi yake ni kuendesha kreni pale bandarini kwetu Ruse, kando ya Danubi. Hukaa juu kabisa kwenye kibanda cha vioo, peke yake na upepo, akihamisha vyuma kutoka kwenye majahazi. Mtu akizoea kukaa juu kiasi hicho, akishuka hana subira na upuuzi wa chini. Mumewe, Lyuben, alikwenda Uhispania kuchuma stroberi kwa msimu mmoja, akaziona tamu, hakurudi. Zlatina hakulia. Alichukua viatu vyote vya mumewe akaviweka uwanjani kando ya mapipa, akapanda juu, akalala.

Tangi la samaki lilianza kwa jino. Alikwenda kwa daktari wa meno na shavu limevimba kama mkate, akakuta kwenye chumba cha kungojea tangi kubwa la maji ya chumvi. Ndani yake kulikuwa na matumbawe ya zambarau yanayopepea, na samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Alipoitwa aingie, akamwambia mgonjwa aliyekuwa nyuma yake atangulie. Akamwambia na wa pili atangulie. Jino likang'olewa, na baada ya siku chache akarudi kwa daktari bila maradhi yoyote, akaketi, akatazama. Daktari akamwonea huruma, akamweleza pa kuanzia.

Basi mwanamke ambaye bahari aliiona mara moja tu, akiwa mtoto wa shule, akajijengea kipande cha bahari ghorofa ya nne, mahali palipokuwa kabati la Lyuben. Alichanganya chumvi kwenye pipa la plastiki bafuni. Alipanga mawe, akasubiri kwa miezi, akatia samaki wawili, akapandikiza matumbawe kidogo kidogo. Mtu ambaye hakuwa na subira ya kungoja lifti!

Kisha mawe yakaota malengelenge. Ni mwani, lakini si mwani wa majani. Ni vijipovu vya kijani, vya mviringo, vinavyong'aa kama shanga. Nilipoviona mara ya kwanza nilimsifu. Karibu anifukuze.

"Vizuri? Jirani, huu ni ugonjwa! Ukikipasua kimoja kwa kidole kinamwaga mbegu, na mbegu zinatambaa tangi zima. Angalia tumbawe hili, limeanza kukabwa."

Mfanyabiashara mmoja wa Sofia ndiye aliyemtumia kaa. Walikuja kwa basi la abiria ndani ya sanduku jeupe la kuhifadhia samaki, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji: kaa wa kijani kibichi, wadogo kama vifungo vya koti, miguu ina manyoya. Pamoja nao walikuja wengine wadogo zaidi, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono na kuyaburuta popote waendapo. Zlatina aliwaingiza taratibu, akinionyesha.

"Tazama kucha zake. Hazina ncha kali, zimebonyea mwishoni kama kijiko. Mungu alimtengeneza kwa kazi hii hii moja."

Na kweli. Yule kaa mkubwa alipanda jiwe, akashika kilengelenge, akakizungusha, akaking'oa, akakipeleka mdomoni na kutafuna polepole kama mtu anayekula zabibu mbele ya televisheni. Akafuata kingine. Zlatina akampa jina la Bosi. Alisema miaka yote bandarini hajapata kuona bosi anayefanya kazi, huyu ndiye wa kwanza.

Majira ya joto yalipokwisha, mawe yalikuwa safi. Malengelenge yakibaki machache, kaa huanza kuona njaa, na kaa mwenye njaa humega tumbawe au humkamata samaki aliyelala. Kwa hiyo Zlatina akawa anawabania vipande vya mwani mkavu kwenye kioo. Alitoka zamu ya asubuhi, akapiga magoti mbele ya tangi kabla hajavua koti. Kupitia ukutani nilimsikia akizungumza nao. Ndiyo saa pekee niliyowahi kumsikia akisema taratibu.

Sasa mende. Mende wetu hupanda kupitia bomba la taka, lile bomba pana linaloshuka kutoka kila ghorofa mpaka chumba cha mapipa. Vifuniko vimelegea, wavivu wanamwaga maganda ya tikiti bila mfuko, na joto likipanda, mende nao wanapanda. Mwenyekiti wa jengo alikuwa Bwana Genchev wa ghorofa ya pili, mwalimu wa michezo mstaafu, ambaye mpaka leo akikuambia habari za asubuhi unajihisi unatakiwa kukimbia. Akaitisha mkutano pale chini kwenye masanduku ya barua, akatangaza kwamba wapuliza dawa watakuja, na kila nyumba itapuliziwa.

"Kwangu hapana," Zlatina akasema.

"Kila nyumba, Bi Zlatina."

"Bwana Genchev, kaa na mende ni ukoo mmoja. Sumu inayomuua huyu inamuua yule, tena wa majini hufa upesi zaidi. Pulizeni ngazi, pulizeni chini, pulizeni bomba lenu. Kwangu nitaweka mitego ya gundi na dawa ya kupaka kwenye nyufa. Mende hata mmoja akitoka mlangoni kwangu, mniletee nimle."

Watu wakacheka. Mhandisi wa ghorofa ya tatu akasema ni haki yake. Bwana Genchev akauliza wanaokubali wainue mikono, na mikono ikainuka, nami niliinua wangu. Ikapita. Nyumba ya Zlatina haitapuliziwa. Yalisemwa kwa sauti, mbele ya watu, mchana kweupe.

Siku ya dawa mimi nilikuwa Silistra kwa binti yangu. Nilirudi alasiri, na kwenye lifti nikakutana na Zlatina anatoka kazini, amebeba mkate. Jengo zima lilinuka. Harufu ile ilikuwa ya utamu mbaya, kama pipi iliyoanguka kwenye mafuta ya taa. Alipotia ufunguo mlangoni akasimama.

"Umefungwa mzunguko mmoja," akasema. "Mimi hufunga miwili."

Akaingia na viatu. Nikamfuata.

Juu ya tangi palikuwa na taulo kubwa la kuogea, limetandikwa vizuri, pembe zimenyooshwa. Akalivuta. Wale wadogo wa magamba walikuwa wametoka ndani ya nyumba zao, uchi, laini, wamelala mchangani kama vipande vya uzi. Kaa wa kijani wawili walikuwa chali, miguu ikirukaruka kama ya mtu anayeota anakimbizwa. Bosi alikuwa bado ameshika jiwe. Nikasema, Mungu wangu, huyu mzima. Zlatina akatia mkono majini mpaka kwenye bega, na koti lake, akamgusa. Bosi akateleza jiweni akashuka, wala hakujikunja.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alizima mashine ya tangi, akafungua madirisha yote, akachota maji ndoo baada ya ndoo akiyamwaga bafuni na kurudisha mapya kutoka kwenye pipa, akatumbukiza mfuko wa mkaa wa kunyonya sumu. Mimi nilibeba ndoo. Kufikia jua kuzama, samaki mmoja, jike, alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, akifungua na kufumba mdomo, halafu hakufungua tena. Dume likabaki kwenye kona.

Zlatina akafuta mikono kwa lile taulo, akalitazama.

"Nani ana ufunguo wangu?" akajiuliza, na akajijibu mwenyewe, kwa jina moja. "Stefka."

Stefka ni dada yake mkubwa, anaishi ng'ambo ya soko. Alipewa ufunguo kwa ajili ya moto, au bomba likipasuka. Zlatina alikwenda kwa miguu, mimi nyuma yake nikihema, nikijiambia nisipokwenda kutakuwa na maiti nyingine. Stefka akafungua akiwa na vikunjia nywele kichwani.

"Zlatina! Karibu. Ginka, karibu ndani, kuna kahawa..."

"Nani aliingia kwangu?"

"Ingia kwanza, usinipigie kelele kwenye ngazi."

"Nani aliingia kwangu, Stefka?"

"Mimi! Kuna nini? Mwenyekiti wenu alinipigia. Akasema watu wa dawa wamefika, mlango wako peke yake ndio umefungwa, jengo zima linakungoja, na wewe hupokei simu. Nikasema maskini mdogo wangu, ataletewa balaa. Nikaacha chungu jikoni nikaja mbio. Hata asante sipati?"

"Asante."

"Tena niliwafunika! Nilijua una mapenzi nao, nikatoa taulo zuri..."

"Dada. Ile mashine inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, mchana na usiku. Wewe umewafunika kwa taulo, ukawaacha wanavuta sumu kwa mrija."

Stefka naye akapandisha sauti, kwa maana ni watoto wa mama mmoja. "Mimi nitayajuaje hayo?"

"Ungeuliza!"

"Ungepokea simu!"

"Nilikuwa na vyuma hewani juu ya vichwa vya watu! Nipokee simu?"

"Basi samahani! Lakini ni kaa, Zlatina! Jumapili huji kula kwa sababu ya maji, likizo huendi kwa sababu ya maji. Mama alipokufa hukuwa hivi. Kwa Mama hukuumia hivi!"

Nikaona vibaya kuwa pale. Zlatina akamjibu dada yake polepole.

"Mama alikufa kwa uzee wake. Hakuuawa na mtu mwenye ufunguo wangu. Nipe."

Stefka akauleta. Hakuuweka mkononi mwake, aliuweka juu ya meza ndogo ya viatu, akafunga mlango wa sebule akituacha tumesimama ukumbini.

Kesho yake nilimwambia Zlatina yale ambayo kila mtu angesema. Nilimwambia hasira hasara.

"Hasara nimeshapata," akanijibu. "Imebaki hasira. Hiyo nayo mnataka kuninyang'anya?"

Alasiri akateremka ghorofa ya pili. Nilikwenda naye. Alibonyeza kengele bila kuachia kidole. Bwana Genchev akafungua akiwa na suruali ya mazoezi, na nyuma yake ikatoka harufu nzuri ya pilipili hoho zinazochomwa, maana ilikuwa Septemba na kila jiko mjini lilikuwa likichoma pilipili za kuweka akiba.

"Bi Zlatina. Kama ni habari ya jana, ngoja nikueleze. Wataalamu walisema nyumba moja ikiachwa, kazi yote ni bure. Mende watakimbilia humo. Nilifikiria maslahi ya wengi. Wewe mwenyewe ungekuwa mahali pangu..."

Alikuwa na mengi zaidi, lakini niliona Zlatina hamsikilizi. Pua yake ilikuwa ikifanya kazi. Ngazi zote zilinuka sumu, nyumba yake ilinuka, yangu ilinuka mpaka ndani ya mito. Hapa palinuka pilipili tu. Na kutoka chumba cha ndani ndege walikuwa wakiimba, ndege wale wadogo wa manjano, wawili au watatu, kwa furaha ya kuchukiza.

Akampita Bwana Genchev kama anavyopita mlingoti. Akaingia jikoni, akainama mpaka chini penye ukingo wa ukuta, akanusa.

"Mbona kwako hakunuki?"

"Tulifungua madirisha."

Mkewe, Bi Velika, alikuwa jikoni anamenya pilipili, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Mama mwema, hajui kusema uongo, hajawahi kufundishwa. Akasema, "Sisi hatukupuliziwa, Bi Zlatina. Kwa ajili ya ndege. Wale vijana walisema ndege wasingepona."

"Velika!"

"Nini? Si wewe uliyewaambia waturuke?"

Mimi nimeona watu wakipigana visu kwenye harusi. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa jikoni pale, kwa sababu Zlatina alitabasamu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Mimi nilidhani wewe ni mjinga. Usiku kucha nimekuwa nikijiambia, Zlatina, tulia, mwalimu wa michezo atajuaje kemia. Kumbe ulijua. Ulijua sumu inaua vinyama vya watu, ukavitoa vyako kwenye hesabu, ukampigia dada yangu simu."

"Ndege ni kitu kingine! Ndege wanaimba, wana damu moto, mtoto wangu alininunulia..."

"Na wangu walikuwa wanafanya kazi! Wewe umefanya kazi gani katika jengo hili? Mende wanapanda bomba la taka miaka yote, umeshawahi kushika hata nyundo? Mkuki kwa nguruwe, eh, Bwana Genchev?"

Hayo ya mwisho aliyasema akiwa tayari ameshatoka kwenye ngazi, na kwa sauti ile anayotumia kuwaita watu walio chini ya kreni. Milango ilifunguka kuanzia chini mpaka juu. Aliwaambia wote. Aliwataja ndege. Aliwaambia wanuse.

Mkutano uliitishwa jioni ya Ijumaa, tena pale pale kwenye masanduku ya barua. Nataka niseme jambo hapa kwa sababu bado linanichoma. Zlatina aliuliza: je, hatukukubaliana kwamba kwangu wasipulizie? Watu wakatazama viatu. Mhandisi wa ghorofa ya tatu, yule yule aliyesema ni haki yake, akasema hakumbuki vizuri, kulikuwa na kelele. Mama mwenye mbwa akasema yeye alikuja mwishoni. Watu wazima, na kumbukumbu zao zimeliwa na mende. Hapo hasira ya Zlatina ikanipanda mimi. Nikasimama juu ya ngazi ya kwanza nikawataja mmoja mmoja: wewe ulisimama hapo, mkono wako ulikuwa juu, wewe ulicheka kwanza, kisha ukainua, na wewe mhandisi uliinua kabla ya wote. Mhandisi akawa mwekundu kama zile pilipili.

"Haya, sasa nimekumbuka," akasema.

Bwana Genchev akaona upepo umegeuka, akachagua kuudhika. "Nimewatumikia bure miaka yote hii, na shukrani yenu ni hii! Nawaachia. Tuone nani kati yenu ataitaka kazi hii!"

Alijua anachosema. Kazi ile hakuna anayeitaka. Mtu akakohoa, taa ya ngazi ikazimika yenyewe, mtu akaiwasha tena.

"Mimi," Zlatina akasema. "Na anayepinga aseme sasa, nimtazame."

Hakuna aliyepinga. Jumatatu alikuja na wachomeleaji wawili kutoka bandarini, wakaziba vifuniko vya bomba la taka ghorofa zote kwa chuma, cheche zikiruka. Watu wakalalamika: tutabebaje taka mpaka chini? "Kwa mikono," akawaambia. Mzee wa ghorofa ya saba alishindwa kushuka, basi Zlatina akamwagiza mhandisi ambebee mfuko wake kila jioni, na mhandisi anabeba mpaka leo. Kufika Krismasi mende walikuwa wamekwisha, ila mmoja mmoja, mnyonge. Bwana Genchev hakuomba radhi. Wakikutana kwenye lifti, yeye hushuka.

Lakini tangi lilikuwa limeharibika. Malengelenge yalirudi wakati wa theluji, mengi kuliko mwanzo, maana hapakuwa na wa kuyala, na Zlatina aliogopa kuweka kaa wengine kwa sababu sumu hujificha ndani ya mawe. Akachukua kijiko cha zamani, akakinoa ukingo, akawa anang'oa kilengelenge kimoja kimoja kwa mkono huku ananyonya maji kwa mrija ili kikipasuka mbegu zisisambae. Kila akitoka kazini, mkono umo majini mpaka umepauka. Nilimsikia kupitia ukuta. Hakuwa akisema taratibu tena. Alitukana: mwani, Genchev, ndege wa Genchev, Lyuben na stroberi zake, mara nyingine dada yake, lakini jina lake alilitaja kwa sauti ndogo.

Mwanzoni mwa Machi, siku ile tunayofungana nyuzi nyekundu na nyeupe mkononi kutakiana heri, kengele yake ikalia. Nikachungulia. Stefka alikuwa mlangoni na uzi mkononi na sanduku jeupe kwapani.

"Nimetoka Sofia," akasema kabla hajaulizwa. "Nimekwenda mwenyewe. Nimekununulia kaa. Mwenye duka ameapa huyu anakula mwani."

Zlatina akafungua sanduku palepale mlangoni, akainua mfuko kwenye mwanga. Nilimwona akikunja uso. Kaa alikuwa mweusi mweusi, mnene, nywele mwili mzima, na kucha zake zilikuwa na ncha kali kama za koleo.

"Stefka, huyu anakula nyama. Umeona kucha hizi? Huyu nikimtia ndani atamla samaki wangu aliyebaki, na konokono wote, halafu atanigeukia mimi."

"Aliapa!"

"Ameapa kwa sababu alikuwa anatafuta mjinga wa kumtoa dukani!"

Stefka akaanza kulia, lakini kwa hasira. "Sawa! Mimi kila nikigusa kitu chako kinaharibika! Mtupe chooni basi, yameisha!"

"Nani kasema kutupa? Amekuja na basi kutoka Sofia, unamtupa? Ingia ndani, anapata baridi. Shika mlango. Ginka, najua unachungulia, lete ile chupa yako kubwa ya achari, ioshe kwanza."

Nikamletea. Baadaye alimnunulia tangi dogo, analo jikoni, peke yake, na anamlisha kome kwa kibano. Kaa wa kijani wapya walikuja baada ya Pasaka, alipokwisha kuhakikisha maji ni salama kwa kaa mmoja mdogo wa gamba, na sasa mawe yameanza kusafika. Lakini Stefka hawatazami hao. Yeye huja Jumapili kumwona yule mweusi wake, na kila Jumapili wanagombana, huyu akisema mnyama amekonda, yule akisema unamlisha kupita kiasi atakufa. Jumapili iliyopita walianza kabla ya chakula na mpaka naosha vyombo walikuwa hawajamaliza, nikaongeza sauti ya redio.